Sura ya Saba: Alama Ishirini kwa Historia ya Shamba

Mwaka 1910, mahali panapoitwa Winona katika jimbo la South Carolina, mvulana wa miaka 15 aitwaye Jerry Moore alilima ekari moja ya mahindi akavuna busheli 228 na robo tatu. Busheli moja ya mahindi ina uzito wa kilo 25.4. Ukiyatia mahindi hayo kwenye magunia yetu ya kilo 90 unapata magunia 64 na ushei. Siku hizi mkulima wa Kitale akitoa magunia 30 kwenye ekari moja, majirani huja kumuuliza alipanda mbegu gani. Na huyu alikuwa mtoto wa shule, zama za plau ya kukokotwa na nyumbu, kwenye jimbo ambalo wastani wa watu wazima haukuwa ukifika hata busheli 20.

Kila ninapoitaja hesabu hiyo mbele ya watu, hakosi mmoja wa kuguna. Ana haki yake. Mavuno ya zamani huongezeka kila yanaposimuliwa, na samaki aliyeponyoka hajawahi kuwa mdogo. Lakini mavuno ya Jerry Moore hayakuachwa mikononi mwa wasimulizi. Aliyapata kwenye mashindano ya klabu za mahindi za wavulana, na mashindano hayo yalikuwa na masharti: shamba lipimwe, mavuno yapimwe mbele ya mashahidi, gharama ziandikwe. Alama nazo ziligawanywa hivi: 30 kwa wingi wa mavuno, 30 kwa faida, 20 kwa mahindi kumi teule ya kuonyeshwa, na 20 zilizobaki kwa maelezo aliyoyaandika mtoto mwenyewe kuhusu historia ya zao lake, tangu kulima hadi kuvuna.

Hebu zitazame hizo 20 za mwisho. Mvulana aliyevuna sana akaandika ovyo aliweza kushindwa na mwenzake aliyevuna kiasi akaandika vizuri. Historia ilikuwa sehemu ya kilimo, ikipimwa kwenye mizani ileile ya nafaka. Ni nadra vuguvugu la vijana kuzaliwa likiwa limeshika kalamu namna hiyo. Hata hivyo, miaka mia moja baadaye, warithi wa vuguvugu hilo wanapanda ngazi kwenda kupekua dari za nyumba, maghala ya viwanja vya maonyesho na maboksi ya marehemu, wakitafuta walichoandika wale watoto. Katika sura hii nazifuata alama hizo 20 nione zilikwenda wapi.

Vuguvugu lenyewe leo linaitwa 4-H, na linasema huwafikia vijana karibu milioni sita nchini Marekani. Hizo H nne ni za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Msomaji wa Kenya aliyepita shule ya msingi enzi za Mzee Kenyatta atakuwa ameshamtambua ndugu yake, 4-K. Tutafika huko.

Tatizo la mwanzo lilikuwa baba. Mwishoni mwa karne ya 19 Marekani ilikuwa na vyuo vya kilimo, maabara na vijitabu vya ushauri, lakini wakulima walivicheka. Waliviita kilimo cha vitabuni, wakaendelea kupanda kama walivyopanda babu zao. Seaman Knapp, mzee aliyekuwa akizunguka majimbo ya kusini kupambana na fukusi aliyekuwa akiiteketeza pamba, alikuwa amekwisha kugundua kwamba mkulima haamini anachoambiwa; huamini anachokiona kwenye shamba analolijua. Mwaka 1907 ofisa elimu wa Holmes, Mississippi, William Hall Smith, aliandikisha wavulana kwenye klabu ya mahindi. Wizara ya Kilimo ikamwajiri kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, ili tu aweze kutumia jina lake na posta yake. Kila mvulana akapewa mbegu na masharti. Baba analima upande huu wa uzio, mtoto upande ule. Mtoto akivuna mara tatu ya baba yake, mjadala umekwisha, na hakuna aliyelazimika kumwambia mzee kwamba amekosea.

Hilo ndilo lililokuwa werevu wa klabu hizi, na pia ndilo lililowafanya watu wengine wazione kwa jicho la shaka. Serikali ilikuwa ikipitia mlango wa nyuma, mlango wa watoto. Mwanahistoria Gabriel Rosenberg, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kiitwacho The 4-H Harvest, anazisoma klabu hizi kama mkono wa dola uliofika hadi kwenye ndoa, usafi na afya za watu wa vijijini. Ukikisoma kitabu hicho baada ya vile vya sherehe vilivyotolewa na chama chenyewe, kama The 4-H Story cha Franklin Reck cha mwaka 1951, utadhani vinazungumzia watu tofauti. Nyaraka ni zilezile. Wasomaji ndio waliobadilika, na hiyo ni sababu tosha ya kutunza karatasi hata pale tunapodhani tumekwisha kuelewa zinasema nini.

Uliza 4-H ilizaliwa wapi, upate majibu mengi kama ya kuuliza Kiswahili kilianzia mji gani. Ohio watakwambia: Januari 15, 1902, mkuu wa shule za mashambani aitwaye A. B. Graham aliwakusanya watoto kama 30 kwenye chumba cha chini cha mahakama ya Clark mjini Springfield, wakafundishana kuchagua mbegu za mahindi na kupima tindikali ya udongo kwa karatasi zinazobadilika rangi. Iowa watakwambia: mwaka mmoja kabla ya hapo, mwalimu kijana aitwaye Jessie Field alikuwa na klabu ya wavulana na ya wasichana kwenye shule ya Goldenrod. Illinois watamtaja Will Otwell, aliyewagawia wavulana mbegu kwa mashindano tangu mwishoni mwa miaka ya 1890, kisha akayapeleka mahindi yao kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904. Mississippi wana Smith wao, na Texas wana wa kwao pia.

Hakuna anayesema uongo hapo. Wazo lilikuwa limeiva, likadondoka kwenye mashamba mengi kwa wakati mmoja. Lakini mnara hauwezi kusimamishwa mahali pengi kwa pamoja, na kila jimbo linataka mnara. Ninavyoona mimi, ushindi wa Ohio kwenye simulizi rasmi una uhusiano mdogo na nani alitangulia. Graham alikuwa na tarehe. Tarehe kamili, mahali pa kuonyesha kwa kidole, na idadi ya watoto. Aliyetangulia bila kuandika siku hupewa mstari mmoja; aliyeandika siku hupewa sherehe ya miaka mia.

Beji nayo ina kesi yake. Jessie Field, ambaye mwaka 1906 alikuwa amepanda na kuwa mkuu wa shule za wilaya ya Page, aliwatengenezea watoto wake kipini chenye umbo la klova, lile jani la malisho, lenye majani matatu na H kwenye kila jani. Katikati palikuwa na punje ya hindi iliyoandikwa jina la wilaya. O. H. Benson, mwenzake wa wilaya ya Wright, ndiye anayetajwa kuleta jani la nne. Husimuliwa kwamba alitembelea shule ya chumba kimoja karibu na mji wa Clarion, akawakuta watoto nje, nao wakampa klova saba za majani manne. Klova ya majani manne ni adimu, watu wa huko huichukulia kuwa ya bahati. Saba kwa mpigo ni bahati ya kusimuliwa. H ya nne kwanza ilisimama badala ya neno la kuhimiza bidii, kisha likawekwa neno la afya, na kufikia mwaka 1911 alama ikawa imekubaliwa. Clarion leo wana jengo la shule walilolifanya makumbusho.

Kwa nini nimeikalia sana beji? Kwa sababu beji ni ya chuma. Kipini cha klova kinaishi ndani ya kasha la vito la bibi, kinapita kwa binti, kinapita kwa mjukuu, hata kama hakuna anayejua tena bibi alikipata kwa kazi gani. Ukienda kwenye minada ya vitu vya kale vya Marekani vijijini utavikuta vimepangwa kwenye sinia, vingine na mwaka wake, bila jina la mtu. Chama kilikuja kuwekewa sheria mwaka 1939 inayolinda jina na alama yake visitumiwe ovyo. Karatasi za watoto hazikuwahi kupata sheria.

Na karatasi nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni za wasichana wa nyanya.

Mwaka huohuo wa Jerry Moore, 1910, mwalimu wa shule ya kijijini huko Aiken, South Carolina, Marie Cromer, alichoka kuona wavulana wakipewa mbegu, zawadi na safari huku wasichana wakiwatazama. Akaanzisha klabu ya nyanya. Kila msichana alipewa sehemu ya kumi ya ekari, na kipimo hicho kilikuwa na akili ndani yake: ni kidogo kiasi cha msichana kukilima bila kumwomba kaka yake, ni kikubwa kiasi cha kutoa nyanya nyingi kuliko familia inavyoweza kula. Zilizozidi zilisindikwa kwenye makopo. Picha za wakati huo zinaonyesha wasichana waliovaa aproni na kofia nyeupe, uani, chini ya mti, pipa la maji likichemka juu ya moto, na vifuniko vya makopo vikizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kazi ya kuunguza mikono. Makopo yaliuzwa, na fedha zilikuwa za msichana. Kwa familia nyingi za kusini hicho kilikuwa kitu kipya kuliko nyanya zenyewe. Na chapa ya 4-H ilibandikwa kwenye makopo hayo kabla jina hilo halijawa la klabu zenyewe.

Huko North Carolina kazi hiyo iliongozwa kuanzia mwaka 1911 na Jane McKimmon. Wasichana wake walitakiwa mwisho wa msimu kuandika taarifa, nao wakaandika vijitabu: jalada limechorwa nyanya nyekundu kwa rangi ya maji, kurasa zimefungwa kwa utepe, ndani kuna hesabu za mbolea, za makopo, za nauli ya kupeleka sokoni, na kati ya hesabu kuna maisha. Mvua iliyochelewa. Ng'ombe aliyeingia shambani. Mama aliyeugua wakati nyanya zikiiva. Hapa ndipo alama 20 zilipozaa matunda, kwa sababu mtoto aliyeambiwa aandike historia ya nyanya hawezi kuzuia nyumba yake isiingie ndani ya habari hiyo.

Vijitabu vya namna hiyo vilinusurika kwa sababu viliishi ofisini. Kuna mtu aliyevipokea, akavitia kwenye faili, na faili likahamishwa pamoja na meza. Maktaba ya chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Raleigh baadaye ilikusanya picha na nyaraka za klabu za vijana na za akina mama, ikaziweka kwenye intaneti kwa jina la Green 'N' Growing, na leo mtu aliye Morogoro mwenye simu na bando anaweza kuzifungua. Sipendi kusifu mitambo kupita kiasi, lakini nakiri kwamba mara ya kwanza nilipokutana na picha hizo nilisahau chai yangu mezani.

Mwaka 1914 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Smith-Lever, iliyoziunganisha wizara, vyuo vya kilimo na wilaya kwenye mtandao mmoja wa ugani. Klabu za watoto zikaingia humo. Gertrude Warren, aliyejiunga na wizara mwaka 1917, ndiye anayesifiwa kwa kulishikilia jina la 4-H mpaka likazoeleka. Mwaka 1927 vijana kutoka majimbo mbalimbali walipiga mahema katikati ya Washington, umbali wa kutembea kutoka wizarani, kwa kambi ya kwanza ya taifa. Nchi nzima ikawa na maofisa ugani, na ofisa ugani ana jambo moja asiloweza kulikwepa: ripoti ya mwaka. Ripoti hizo, mamia kwa mamia ya kurasa kutoka kila wilaya, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani, ndani ya kundi namba 33. Humo pia zimo kazi za George Ackerman, mpigapicha aliyehamia huduma ya ugani ya wizara mwaka 1917 na kupiga, kwa makadirio, zaidi ya picha 50,000 za maisha ya vijijini katika miaka karibu 40.

Kwa hiyo karatasi zipo. Swali ni za nani.

Majimbo ya kusini yalikuwa na mifumo miwili ya ugani, mmoja wa Wazungu na mmoja wa Weusi. Thomas Monroe Campbell aliajiriwa Novemba 1906, akiwa ofisa ugani wa kwanza Mweusi, akifanya kazi kutoka Tuskegee, taasisi ya Booker T. Washington. Chombo chake kilikuwa gari la kukokotwa lililoitwa gari la Jesup, lililobuniwa kwa msaada wa George Washington Carver: shule juu ya magurudumu, yenye plau, mbegu na vyombo vya maziwa, ikienda kijiji kwa kijiji kwa wakulima ambao hawakuwa na njia ya kufika chuoni. Klabu za watoto Weusi zilikua kutokana na kazi hiyo. Walilima, walifuga nguruwe, walisindika, walikula kiapo kilekile cha kichwa na moyo na mikono. Lakini kambi ya Washington haikuwa yao. Ilibidi ifike mwaka 1948 ndipo vijana Weusi wa kusini wakapata kambi yao ya kikanda, kwenye chuo kikuu cha Southern mjini Baton Rouge, Louisiana. Miaka 21 baada ya yale mahema.

Mtu angetarajia kwamba sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ingefungua mlango. Iliufungua, lakini angalia kilichotokea kwa makaratasi. Mifumo miwili ilipounganishwa, ofisi ya Weusi ndiyo iliyofungwa. Ofisa Mweusi aliyekuwa kiongozi akawa msaidizi wa Mzungu mwenye uzoefu mdogo kuliko wake. Huko Alabama jambo hilo lilifika mahakamani, na mwaka 1971 jaji wa shirikisho, katika kesi ya Strain dhidi ya Philpott, aliamua kwamba huduma ya ugani ya jimbo ilikuwa imewabagua wafanyakazi wake Weusi, akaamuru irekebishwe. Hukumu hiyo inasomwa kama ya ajira. Mimi naisoma pia kama maelezo ya jinsi kumbukumbu inavyopotea bila mtu yeyote kuichoma moto. Ofisi inafungwa, meza inahamishwa, mwenye funguo za kabati anapewa kazi nyingine mji mwingine. Hakuna anayesema tupeni madaftari ya watoto hawa. Hakuna anayesema yatunzeni.

Ndiyo maana anayetafuta historia ya klabu za Weusi hawezi kutegemea kabati la serikali. Itabidi aende Tuskegee na vyuo vingine vya Weusi, halafu atoke huko aende kanisani, kwenye albamu za familia, kwenye karatasi za ibada ya mazishi ambazo humweleza marehemu kwa mistari kumi na ndani yake huenda ukakuta mmoja unaosema alikuwa kiongozi wa klabu kwa miaka kadhaa. Mstari huo mmoja ni mlango. Anayeufungua hukuta watoto wa marehemu wangali hai, na mtoto wa marehemu ana kasha.

Kilichonisukuma kuandika sura hii ni kwamba kazi ya aina hiyo sasa inafanywa kwa makusudi, na wengi wanaoifanya ni wazee. Katika miaka ya karibuni wastaafu wa 4-H wamejitolea kwenye mradi wa taifa wa kuhifadhi historia ya chama chao. Walikuwa wanachama, kisha viongozi wa klabu, kisha maofisa. Sasa wanatambaza majarida ya zamani ukurasa kwa ukurasa na kuwarekodi wenzao kwenye video kabla sauti hazijanyamaza. Walijua walichokuwa wakikimbizana nacho. Jengo kubwa la chama huko Chevy Chase, Maryland, lililonunuliwa mwaka 1951 na kufunguliwa na Rais Eisenhower mwaka 1959, lilifungwa wakati wa Uviko na likauzwa. Vizazi vya vijana vilikuwa vimelala kwenye vyumba vyake. Jengo likiuzwa, kila kilichomo ukutani na stoo kinahitaji pa kwenda, na kinahitaji kwenda leo.

Waliozoea kazi hii wana maarifa ambayo hayapatikani vitabuni, au yapo vitabuni ila hakuna anayeyasoma. Karatasi ya gazeti ina tindikali, hujila yenyewe na kumla jirani yake. Iondoe kwenye albamu kabla haijaitia doa picha. Gundi ya miaka ya 1950 ni adui kuliko mende. Filamu za zamani zikianza kunuka siki zimeshaanza kuoza, zitenge na nyingine, maana harufu hiyo huambukiza. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, usikandamize, usitumie kalamu ya wino. Na picha isiyo na majina, hata ikiwa safi kama kioo, ina thamani ndogo kuliko picha iliyofifia yenye majina manne nyuma. Hili la mwisho huwauma sana wanaopenda picha nzuri.

Daftari nalo lina ngazi zake. La katibu wa klabu hukwambia nani alihudhuria, nani alileta hoja, nani aliiunga mkono. La mwekahazina hukwambia ukweli. Katibu anaweza kuandika kwamba sherehe ilifana sana. Mwekahazina ameandika kwamba soda 14 hazikuuzwa. Kisha lipo la mtoto mwenyewe, lenye hesabu za mradi wake na mwishoni kurasa za kusimulia mwaka ulivyokwenda. Hili huwa nyumbani, kwa hiyo ndilo hufa kwanza. Waliobahatika kubaki nalo mara nyingi ni washindi, kwa sababu daftari la mshindi lilipelekwa mbele kwa waamuzi na likatunzwa. Daftari la msichana ambaye kuku wake wote walikufa kwa ugonjwa mwezi Aprili halikupelekwa popote. Ningelitoa la mshindi ili nilipate hilo.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1962, Kenya ikiwa bado haijapata uhuru, wazo la 4-H lilitua nchini likabatizwa 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nimelitazama jina hilo mara nyingi na kila mara linanifurahisha, maana aliyelitunga hakutafsiri. Wamarekani walitaja viungo vya mtoto na afya yake. Sisi tukataja vitendo vitatu na nchi. Kwa mwaka 1962, kuiweka Kenya kwenye orodha ya mambo ya kusaidiwa na mtoto wa kijijini, bendera yenyewe ikiwa haijapandishwa, lilikuwa tamko. Klabu zilienea, bustani za shule zikapata vibao, kabichi na sukuma wiki na sungura vikafikishwa kwenye maonyesho ya kilimo. Baadaye zikafifia. Mwezi Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazizindua upya, na kwa watoto waliokusanyika kuimba siku hiyo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Kati ya kufifia na kuzinduliwa kuna pengo, na pengo hilo ndilo la kujazwa. Ripoti za kilimo za wilaya zipo kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa pale Moi Avenue, Nairobi, kwa mwenye subira ya kupekua. Madaftari ya klabu ni habari nyingine. Shule niliyosoma ilikuwa na kabati la klabu kwenye chumba cha walimu. Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilinunua maandazi mawili langoni, nikayala, nikasoma karatasi iliyoyafunga. Mafuta yalikuwa yameloweka nusu ya ukurasa. Nusu iliyobaki ilikuwa kumbukumbu za mkutano: waliohudhuria 23, waliokosa kwa udhuru 2, wasio na udhuru 5, na hoja kwamba sungura dume anunuliwe. Hoja ilipita au haikupita, sehemu hiyo ilikuwa ya mafuta. Simlaumu mama wa maandazi. Alinunua karatasi kwa kilo kama wanavyonunua wote, na mwalimu aliyeziuza huenda alihitaji chaki.

Wanachama wa kwanza wa 4-K sasa wana miaka 70 na zaidi. Ukienda kwa mmoja wao na kinasa sauti, usianze kwa kumuuliza klabu ilimfunza nini. Atakupa hotuba, ameshaisikia kwa wengine na anaijua. Ukimuuliza wimbo, ataimba, mtacheka, mtakunywa chai, na utarudi nyumbani na wimbo tu. Wazee wa kule Marekani wameligundua jambo hili kwa kuwarekodi wenzao: swali kubwa huleta jibu dogo. Uliza jembe lilikuwa la nani. Uliza maji mlichota wapi na zamu ya Jumamosi ilikuwa ya nani. Uliza, "Mama, kabichi mlikuwa mkiziuza bei gani?"

Atanyamaza kidogo. Kisha atasema senti ngapi, na kwamba kubwa ziliuzwa zaidi, na kwamba aliyekuwa akizipima kwa macho alikuwa binti wa jirani, mrefu, baadaye aliolewa ng'ambo ya mto, na kaka yake ndiye aliyekuwa mwekahazina. Hapo penseli yako iwe imechongwa.